Tanga la Nuru: Historia Fupi ya Safari za Anga Bila Mafuta

Tangu Muungano wa Kisovieti uliporusha Sputnik mwaka 1957, kila chombo kilichotoka duniani kwenda kuzunguka angani kimepelekwa huko na roketi. Hata hivyo, roketi ina tatizo la asili. Ni lazima ibebe mafuta yake yenyewe, na mafuta hayo yana uzito unaohitaji mafuta mengine ya kuubeba. Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu wa shule katika mji wa Kaluga nchini Urusi, alilieleza jambo hili kwa hesabu mwaka 1903. Roketi ya Saturn V iliyowapeleka wanadamu mwezini mwaka 1969 ilikuwa na uzito wa takriban tani 2,900 ilipoondoka, na sehemu kubwa mno ya uzito huo ilikuwa mafuta. Je, hakuna njia nyingine ya kusafiri? Makala haya yanafuatilia jibu moja la zamani sana, yaani tanga.

Mwaka 1607 mwanafalaki Mjerumani Johannes Kepler aliitazama nyotamkia ambayo siku hizi huitwa Halley. Ilikwishajulikana kuwa mkia wa nyotamkia huelekea upande ulio mbali na jua. Kepler aliona kuwa miale ya jua ndiyo inayousukuma, na akaandika hivyo katika kitabu chake cha mwaka 1619. Leo tunajua kuwa alipatia kwa sehemu: vumbi la mkia husukumwa na nuru, ilhali gesi huchukuliwa na chembe zinazotoka katika jua. Mapema zaidi, mwaka 1610, alimwandikia Galileo akitabiri kwamba siku moja vingeundwa vyombo vyenye matanga ya kufaa pepo za mbinguni. Tuangalie lugha aliyoitumia. Kepler hakuwa na istilahi ya jambo lisilokuwapo, hivyo aliazima maneno ya mabaharia.

Wazo hilo lilingoja zaidi ya karne mbili kupata msingi wa kisayansi. Mwaka 1873 James Clerk Maxwell wa Uingereza alionyesha kwa hesabu kwamba nuru husukuma kitu inachokipiga. Pyotr Lebedev wa Moscow aliipima nguvu hiyo katika maabara na kuchapisha matokeo mwaka 1901. Ni nguvu ndogo ajabu. Kwa umbali wa dunia kutoka jua, kioo chenye ukubwa wa kilomita moja ya mraba kingesukumwa kwa nguvu isiyofikia uzito wa kilo moja ya sukari. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Angani hakuna hewa ya kukizuia chombo, na jua halizimiki. Roketi husukuma kwa dakika chache kisha hunyamaza. Tanga husukumwa usiku na mchana, miaka nenda miaka rudi.

Katika miaka ya 1920 Tsiolkovsky na mwenzake Friedrich Tsander, mzaliwa wa Riga, waliandika kuhusu vioo vyepesi vya kusukumwa na jua. Mwaka 1951 mhandisi Mmarekani Carl Wiley alilieleza wazo hilo katika jarida la hadithi za kisayansi, tena kwa jina la kubuni. Mwaka 1964 Arthur C. Clarke alitunga hadithi ya mashindano ya vyombo vya matanga angani. Fasihi, basi, ililitunza wazo hili wakati wahandisi wengi walikuwa wameshughulika na roketi. Baadaye, katika miaka ya 1970, shirika la NASA lilichunguza uwezekano wa kupeleka tanga kuikuta nyotamkia ya Halley, lakini mpango huo uliachwa.

Mwaka 2005 chombo cha Cosmos 1, kilichogharimiwa na michango ya wapenzi wa anga, kilipotea kabla ya kutweka tanga. Kilichokiangusha ni ile ile roketi iliyokibeba. Ushindi ulikuja mwaka 2010, wakati Wajapani walipokunjua tanga la IKAROS. Lilikuwa la mraba, kila upande mita 14, na unene wake haukufikia hata sehemu moja ya mia ya milimita. Chombo hicho kiliipita sayari ya Zuhura mwezi Desemba mwaka huo huo. LightSail 2 ilifuata mwaka 2019, ikazunguka dunia hadi Novemba 2022.

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa nuru hutoka katika jua, chombo kitaliendeaje jua? Mabaharia wa pwani yetu wanalijua jibu, nalo ni kupiga bisho. Tanga likiinamishwa ipasavyo, nuru hupunguza mwendo wa chombo katika njia yake ya kulizunguka jua, na mvuto wa jua hukivuta ndani. Kazi inayofanywa na mkuku wa jahazi baharini, angani hufanywa na mvuto huo. Aidha, tusitie chumvi: tanga haliwezi kukiinua chombo kutoka ardhini, na nuru hufifia kadiri tunavyoliacha jua.

Historia hii ina somo kwa walimu wa Kiswahili. Mwaka 1970, siku ya ukumbusho wa uhuru wa Kenya, setilaiti ya kuchunguza mionzi ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Neno letu lilifika angani kama jina tu. Lakini chombo, tanga, mkuku na bisho vinaweza kufanya zaidi: vinaweza kueleza jinsi safari yenyewe inavyokwenda. Wanafunzi wetu huku bara huyakuta maneno hayo katika mashairi ya pwani, huyakariri kwa ajili ya mtihani, kisha huyasahau. Wakati huo huo tunaambiwa kuwa Kiswahili hakina msamiati wa kufundishia sayansi. Kepler alianza na maneno ya mabaharia wa zama zake. Nasi tuna ya kwetu. Kilichobaki ni kuyatweka.