Marburg Biharamulo: angalia tarehe kabla hujasambaza

Uzushi mtandaoni si lazima uwe uongo mtupu. Hata tangazo la kweli hupotosha likishapitwa na wakati.

Januari 14, 2025, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa taarifa ya washukiwa wa Marburg Biharamulo, Kagera. Wizara ya Afya ikasema hadi Januari 15 sampuli zote hazikuwa na virusi. Januari 20, Rais Samia Suluhu Hassan akathibitisha mgonjwa mmoja.

Sasa chukulia mtu wa Kaniha anatumiwa lile tangazo la “hakuna Marburg” Januari 21. Limetoka wizarani kweli, ila limeshapitwa. Akiliamini, anaweza kuosha maiti bila kinga, wakati virusi hivi huambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au marehemu.

Fanya hivi:

• Soma tarehe, kisha tafuta taarifa mpya zaidi.
• Mishale miwili WhatsApp maana yake ujumbe umesambazwa sana, si kwamba ni wa kweli.
• Piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya.
• Huna uhakika? Usitume.