Maporomoko Yana Wenyewe

Ukitafuta picha za maporomoko mazuri duniani, Havasu haikosi kutokea. Maji ya buluu kama yametiwa rangi, kuta za mawe mekundu, na msafiri mmoja ameipa kamera mgongo. Chini ya picha utaambiwa hapo ni jangwa tupu, mkono wa mtu haujafika. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, na tangu hapo historia najisomea mwenyewe. Hii ilinikalisha macho.

Mahali penyewe ni tawi la Grand Canyon, jimbo la Arizona, Marekani. Hakuna barabara ya gari. Unashuka kwa miguu kilomita 13 hivi hadi kijiji cha Supai, ambako barua bado huletwa na nyumbu, kisha kilomita 3 zaidi hadi kambini. Rangi ya maji inatokana na chokaa iliyoyeyuka ndani yake. Wenyeji ni Wahavasupai, na jina lao maana yake ni watu wa maji ya buluu na kijani. Kwa hivyo mkono wa mtu ulifika kitambo sana.

Kiangazi walilima mahindi, maharagwe na maboga huko chini. Majira ya baridi walipanda juu kuwinda. Mwaka 1882 Rais Chester Arthur akatia sahihi, wakabakiziwa ekari 518 za sakafu ya korongo. Maporomoko yakabaki nje ya mpaka. Mwaka 1908 Rais Theodore Roosevelt akaitangaza Grand Canyon kuwa turathi ya taifa, na 1919 ikawa hifadhi. Familia zilizolima sehemu iliyoitwa Indian Garden zikafukuzwa. Mtu wa mwisho alitolewa 1928.

Huyo Roosevelt tunamjua. Mwaka 1909, urais ukiwa umeisha tu, alishuka Mombasa na bunduki zake. Katika safari hiyo yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama zaidi ya 500. Hesabu ni hiyo hiyo pande zote mbili za bahari: mgeni akiwinda ni mpenda maumbile, mwenyeji akiwinda ni shida. Waendorois wanaielewa vizuri. Walianza kuondolewa Ziwa Bogoria mwaka 1973 kupisha hifadhi, na ni 2010 ndipo uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ulipotoka ukiwapa haki.

Wahavasupai nao hawakunyamaza. Januari 1975 Rais Gerald Ford alitia sahihi sheria iliyowarudishia ekari 185,000 hivi, maporomoko yakiwemo. Kambi iliyokuwa ikiendeshwa na idara ya hifadhi ikawa yao. Leo hulali pale bila kibali chao, na bei ni mamia ya dola. Huruhusiwi kushuka na kurudi siku hiyo hiyo. Korona ilipoingia 2020 walifunga lango, na hawakufungulia wageni hadi 2023. Wapenda haiki walinung'unika sana. Mimi nikaona, hawa watu wamengoja karibu karne nzima kuweza kusema "leo hapana" na ikasikika.

Indian Garden nayo ilibadilishwa jina Novemba 2022, kwa ombi la kabila lenyewe. Sasa inaitwa Havasupai Gardens. Ukibahatika kufika, paite hivyo.