Eafoni za bei nafuu zenye besi: nini cha kuangalia kabla ya kulipa

Ukicheza amapiano kwenye spika ya simu, sehemu kubwa ya wimbo huisikii. Mwimbaji yupo, vinanda vipo, lakini ule mdundo wa chini unaowainua watu vitini umepotea, kwa sababu spika ya simu ni ndogo mno kuusukuma. Ndiyo maana msikilizaji wetu wa Mutuka anayekwenda sokoni Babati na shilingi 10,000 mfukoni huulizia eafoni "zenye besi". Tatizo ni kwamba karibu kila boksi kwenye meza ya machinga limeandikwa hivyo hivyo.

Maneno ya kwenye boksi yaache. Hata namba "20–20,000 Hz" hazikusaidii kuchagua: hiyo ni mipaka ya usikivu wa binadamu, na watengenezaji wengi huiandika tu. Besi inakaa chini, takriban kati ya 20 na 250. Kwa eafoni za bei ndogo, kinachoamua zaidi kama itakufikia ni kimoja: eafoni inaziba sikio lako au haizibi.

Besi ikipata upenyo, inavuja. Eafoni za plastiki ngumu zinazokaa mlangoni mwa sikio bila mpira huipoteza, hata kama ni za bei kubwa. Zile zenye vimpira laini huingia na kuziba, na hapo spika ndogo kama punje ya mahindi inatosha kukupa mdundo mzito. Nyingi huja na vimpira vya saizi tatu. Vijaribu vyote, na usishangae sikio la kulia likitaka saizi tofauti na la kushoto.

Kipimo chetu ni rahisi. Muombe muuzaji uzijaribu kwa simu yako, kwa wimbo unaoufahamu vizuri. Ukishazivaa, zibonyeze kidogo kwa vidole. Besi ikiongezeka ghafla, ujue hazikuziba; badili mpira kabla hujasema eafoni ni mbovu. Kisha cheza nyimbo mbili: amapiano, ambayo besi yake ni nzito na ya kuvuta, halafu singeli, ambayo mara nyingi hupita mapigo 200 kwa dakika. Eafoni mbaya huburuza: kwenye singeli pigo moja linamezwa na linalofuata, unasikia mvumo tu. Ukikuta hivyo, zirudishe mezani.

Za waya au za Bluetooth? Hapa tunakiri tuna upendeleo. Kwenye simu nyingi zenye redio ya FM, waya wa eafoni ndio antena. Ukitumia Bluetooth peke yake, redio hiyo itakuambia uchomeke eafoni, na utabaki kutusikiliza kwa kifurushi cha intaneti. Vipo vitochi vyenye antena ya ndani, lakini hata hivyo vingi hushika vizuri zaidi waya ukiwepo. Tena Bluetooth ni kitu kingine cha kuchaji, na kama unalipia chaji dukani au unategemea sola ndogo, hilo si jambo dogo. Kagua pia tundu la simu yako, maana baadhi ya simu mpya hazina tundu la pini ya duara. Kisha pindapinda waya karibu na pini huku muziki unacheza. Sauti ikikatika upande mmoja, usinunue.

Hedifoni kubwa za kuvaa kichwani zinapendeza, lakini za bei ya chini nyingi hukaa juu ya sikio bila kulifunika. Kwa pesa ileile, eafoni yenye mpira itakupa besi zaidi.

Kuziba kuna faida nyingine ambayo tungeiweka hata mbele ya mdundo. Ndani ya basi la Arusha, eafoni inayovuja hukulazimisha kupandisha sauti ili ushinde injini. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, muda huo unashuka hadi saa 4. Chembe za ndani ya sikio zikifa hazioti tena. Kwa hiyo kaa chini ya asilimia 60 ya sauti ya simu. Ukitaka besi zaidi, usiongeze sauti yote. Ingia kwenye ikwalaiza ya simu na upunguze sauti za juu. Masikio yakilia "nziii" baada ya kuvua, ulizidisha.

Na ukiwa kwenye bodaboda, au unaswaga ng'ombe kuvuka barabara kuu ya Arusha–Dodoma, zivue zote mbili. Eafoni inayoziba vizuri itaziba na honi ya lori.