Muscat: Daktari wa dharura na swali la nani alipe

Kabla ya mwaka 1970, malango ya mji wa Muscat, au Maskati kama watu wa mwambao wa Afrika Mashariki walivyozoea kuuita, yalifungwa kila usiku saa tatu baada ya jua kuzama. Aliyetembea baada ya hapo alilazimika kubeba taa mkononi. Maradhi ya ghafla hayangoji mapambazuko, na hospitali mashuhuri ya zama hizo ilikuwa nje ya kuta za mji, katika bandari jirani ya Muttrah. Malango hayo hayafungwi tena. Hata hivyo, katika miaka iliyofuata mgonjwa alikutana na kizuizi cha aina nyingine, nacho ni swali la nani ana haki ya kutibiwa kwa fedha za umma na nani hana.

Matibabu ya kisasa yaliletwa Oman kwa kiasi kikubwa na madaktari wa misheni kutoka Marekani. Daktari Sharon Thoms alifika mwaka 1909. Alifariki dunia mwaka 1913 baada ya kuanguka kutoka kwenye nguzo alipokuwa akitandaza waya wa simu. Mwaka huohuo Daktari Sarah Hosmon alifungua zahanati ya wanawake mjini Muscat. Mwaka 1939 Wells Thoms, mtoto wa Sharon, alikabidhiwa hospitali ya Muttrah, akaitumikia hadi mwaka 1970. Katika zama hizo, kumtafuta daktari wa dharura kulikuwa ni kumtafuta mtu mmoja anayejulikana kwa jina.

Tarehe 23 Julai 1970 Sultan Qaboos bin Said alichukua madaraka kutoka kwa baba yake, Said bin Taimur. Nchi nzima wakati huo ilihesabiwa kuwa na hospitali mbili tu. Wizara ya Afya iliundwa mwaka huohuo, na mapato ya mafuta, yaliyoanza kuuzwa nje mwaka 1967, yakaelekezwa katika barabara, shule na matibabu. Muda si mrefu hospitali ya misheni nayo iliingizwa katika huduma za serikali.

Fedha peke yake hazitibu mtu. Walihitajika wauguzi, makarani, walimu na madaktari, na Oman ilikuwa na wasomi wachache mno. Sultan aliwaita Waomani waliokuwa ughaibuni warejee. Miongoni mwa walioitikia ni maelfu waliotoka Zanzibar na sehemu nyingine za Afrika Mashariki, wengi wao wakiwa wametawanyika kufuatia Mapinduzi ya Januari 1964. Walikuja na elimu, na Kiingereza, na pia Kiswahili, ambacho hadi leo husikika katika nyumba na ofisi za Muscat. Walipewa uraia, na pamoja na uraia wakapata haki ya matibabu ya serikali.

Hospitali za Khoula na Al Nahdha zilifunguliwa mwaka 1974, na Khoula baadaye ikawa kituo kikuu cha majeruhi wa ajali, mifupa na majeraha ya moto. Hospitali ya Royal ilifuata mwaka 1987, na ile ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos mwaka 1990. Mafunzo ya madaktari bingwa wa dharura yalianza mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2004 polisi wa Oman walianzisha huduma ya magari ya wagonjwa. Katika ripoti yake ya mwaka 2000, Shirika la Afya Duniani, WHO, liliiweka Oman nafasi ya nane duniani kwa ubora wa jumla wa mfumo wa afya.

Mkenya aliyezoea mfuko wa taifa wa bima ulioanzishwa mwaka 1966 na kurithiwa na mamlaka mpya mwaka 2024, au Mtanzania anayejua mfuko ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999, anaweza kuuliza ni daktari gani wa Muscat anayepokea bima ya umma. Raia wa Oman hahitaji kuuliza hivyo. Matibabu yake hulipiwa na hazina ya serikali, na anachoonyesha ni kitambulisho cha uraia. Mgeni hupokewa katika hali ya hatari, lakini gharama hubaki juu yake au juu ya mwajiri wake.

Hapo ndipo wasemaji wa lugha moja wanapotengana. Katika ukumbi mmoja wa hospitali wanaweza kuketi wanawake wawili wanaozungumza Kiswahili. Mmoja ni mjukuu wa aliyerejea kutoka Unguja katika miaka ya 1970. Mwingine amekuja kutoka Tanga au Mombasa kufanya kazi za nyumbani. Sheria ya Kazi ya mwaka 2003 haikuwajumuisha watumishi wa majumbani. Kanuni maalumu za mwaka 2004 zilimtaka mwajiri agharimie matibabu yao, lakini utekelezaji ulitegemea zaidi hiari ya mwajiri. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu madhila ya watumishi wa Kitanzania nchini Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu.

Serikali ilitafuta ufumbuzi kwa njia ya bima ya lazima kwa wafanyakazi wa sekta binafsi, mpango uliopewa jina la Dhamani. Mwaka 2019 mamlaka ya masoko ya mitaji ilitoa mkataba mmoja wa bima wenye viwango vya chini, ikiwemo matibabu ya dharura. Bima hiyo hununuliwa na mwajiri kutoka kampuni za biashara, kwa hiyo hospitali inayopokea kadi moja yaweza kuikataa nyingine.

Aprili 2020, virusi vya korona vilipoenea Muttrah, serikali ilitangaza kuwa vipimo na tiba ya ugonjwa huo ni bure kwa wote, hata kwa wageni wasio na vibali. Ilidhihirika kwamba swali la nani alipe laweza kuwekwa kando pindi hatari inapowakabili wote.

Nje ya nyakati kama hizo, mfanyakazi mgeni hana budi kujiandaa akiwa bado mzima: kuijua namba ya dharura 9999, kumwuliza mwajiri kadi yake ya bima, na kujua ni hospitali zipi zinazoipokea. Raia hahitaji kuyafanya hayo yote, kwani aliyaamuliwa na historia ya familia yake. Kwa aliyefika juzi kwa viza ya kazi, bado inategemea nani aliyemwajiri.