Namba 12.6 Ina Historia Ndefu Kuliko Gari ya Mjomba

Wasee, mwezi uliopita mjomba wangu alilipa shilingi 14,500 kununua kitu ambacho gari yake haikuhitaji. Hiyo pesa ilikuwa karo ya binti yake. Gari ni Probox, anabebea mboga usiku, na alfajiri moja ilikataa kuwaka. Fundi akaja, akaiwasha kwa betri ya gari nyingine, halafu injini ikiwa inanguruma akatoa kichwa cha waya kwenye betri. Injini ikazima. Akasema, "Mzee, altaneta imekufa." Mjomba akalipa, altaneta ikabadilishwa, ile ya zamani fundi akabaki nayo. Siku nne baadaye, alfajiri, kimya tena.

Najua kuna mtu atasema fundi ni mwizi. Mimi sisemi hivyo. Nasema fundi alitumia kipimo cha miaka ya babu yake kwa gari ya leo. Ndiyo maana nataka tuongee historia kidogo, na najua ni mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo vumilieni tu.

Tuanze Italia. Mwishoni mwa karne ya 18, daktari mmoja wa Bologna, Luigi Galvani, aliona miguu ya chura aliyekufa ikirukaruka ikiguswa na vyuma viwili tofauti. Akasema umeme uko ndani ya mnyama. Mwenzake Alessandro Volta akakataa. Kwake yeye, umeme ulitoka kwa vile vyuma viwili kukutana penye unyevu. Kuthibitisha, alipanga visahani vya zinki na vya shaba au fedha kwa zamu, katikati akiweka vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Mwaka wa 1800 akaandikia Royal Society ya London kuwaeleza. Hiyo ndiyo betri ya kwanza. Mwaka wa 1881, wataalamu walipokutana Paris kukubaliana vipimo vya umeme, jina lake likawekwa kwa kipimo. Kwa hivyo ukisema "volti kumi na mbili", unamtaja huyo jamaa.

Shida ya betri ya Volta: ikiisha, imeisha. Mwaka wa 1859 Mfaransa Gaston Planté akachukua bamba mbili za risasi, akazitenganisha zisigusane, akazikunja pamoja na kuzitumbukiza kwa asidi ya salfa. Akagundua kwamba ukiirudishia umeme, inajaa tena. Na wakati huo hakukuwa na jenereta ya maana, kwa hivyo alikuwa akichaji betri yake kwa kutumia betri zingine! Mwaka wa 1881 Camille Faure akaja na njia ya kupaka bamba rojo ya oksidi ya risasi, zikawa rahisi kutengeneza kwa wingi.

Sasa fungua boneti. Ile betri nzito unayoona ni kemia ileile ya Planté, risasi na asidi. Kila chumba ndani yake kikijaa kinatoa volti kama 2.1. Viko sita. Piga hesabu: 12.6. Hiyo namba imeamuliwa na risasi yenyewe. Kampuni yoyote ikuuzie, betri ya asidi ikijaa na kutulia itakuwa hapo, juu au chini kidogo tu.

Magari ya kwanza yalikuwa yanawashwa kwa hendeli mbele. Unazungusha kwa mkono, na injini ikirudi nyuma ghafla inakuvunja mkono. Watu wengi waliumia hivyo. Mwaka wa 1912 Cadillac wakatoa gari lenye stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering na wenzake. Hapo betri ikawa moyo wa gari. Miaka mingi magari mengi yalitumia volti 6, yaani vyumba vitatu. Injini zilipokua kubwa na ngumu kuzungusha, miaka ya 1950 watengenezaji wengi wakahamia volti 12.

Na nani alikuwa anachaji hiyo betri? Dainamo. Dainamo ilikuwa dhaifu injini ikizunguka polepole. Ukikaa kwa foleni taa zimewaka, betri inaliwa. Altaneta inatoa umeme mzuri hata gari ikiwa imesimama, lakini umeme wake unabadilisha mwelekeo mbele na nyuma, na betri haitaki huo. Lazima upite kwa daiodi, vijimlango vinavyoruhusu umeme upande mmoja tu. Daiodi za silikoni zilipokuwa ndogo na bei kushuka, Chrysler wakaweka altaneta kwa gari lao la Valiant la 1960, na wengine wakafuata.

Hapa ndipo tunarudi kwa fundi wetu. Ule ujanja wa kutoa kichwa cha betri injini ikiwa imewaka ni wa enzi za dainamo. Gari za wakati huo hazikuwa na kompyuta ya kuungua, kwa hivyo mtu alijaribu na mara nyingi akaponyoka. Fundi akamfundisha mwanafunzi wake, mwanafunzi akamfundisha wake, mpaka ikafika kwetu. Lakini ukiitoa betri kwa gari ya altaneta, volti zinaweza kuruka ghafla juu sana, zikaua daiodi au kompyuta ya injini. Na injini ikizima haithibitishi kitu, kwa sababu bila betri ya kutuliza umeme, hata altaneta nzima inaweza kuyumba na gari ikazima.

Dawa ya hii ilikuwepo kabla altaneta haijaingia kwa magari. Mwaka wa 1923, mhandisi wa posta ya Uingereza, Donald Macadie, alichoka kubeba vyombo vingi vya kupimia laini za simu. Akabuni kimoja kinachopima vyote, kikaitwa Avometer. Mjukuu wake ni hii multimeta yangu ya manjano, niliyonunua Luthuli Avenue kwa shilingi 850 nikiwa bado chuoni.

Basi nikaenda kwa mjomba nayo. Na hivi ndivyo unavyopima, hata wewe:

Kwanza, asubuhi, gari ikiwa imelala na haijawashwa. Weka mita kwa volti za DC, waya mwekundu kwa chanya, mweusi kwa hasi. 12.6 imejaa. 12.4 ni kama robo tatu. 12.2 ni nusu. 12.0 ni robo. Chini ya hapo imeisha. Ya mjomba: 12.1.

Pili, mtu apige stata ukiangalia mita. Volti zitashuka, ni kawaida. Zikianguka chini ya kama 9.6 na betri ilikuwa imejaa, betri imechoka. Kama haikuwa imejaa, ichaji kwanza ndiyo uihukumu.

Tatu, injini ikiwaka, washa taa na feni. Gari nyingi zinafaa kusoma kati ya 13.8 na 14.7. Ikibaki 12 na kitu, betri haichajiwi. Ikipita 15, inapikwa. Gari mpya zingine kompyuta hushusha chaji makusudi, kwa hivyo usikimbilie kuhukumu kwa kusoma mara moja.

Ya mjomba ilisoma 13.0. Altaneta mpya kabisa! Mjomba akanitazama kama mimi ndiye niliyemuuzia.

Hapo nikakumbuka kitu cha darasani, pengine kitu pekee kilichonibaki. Nikaacha waya mwekundu kwa chanya ya betri, nikatoa ule mweusi kwa hasi nikaugusisha kwa mwili wa altaneta, kwenye chuma kitupu. 14.3. Altaneta ilikuwa inafanya kazi yake yote. Volti 1.3 zilikuwa zinapotelea njiani, kwenye waya wa ethi unaounganisha hasi ya betri na injini. Tukaufungua. Kichwani ulikuwa umeoza, kutu ya kijani imejaa ndani. Waya mpya, 600. Tukapiga msasa pale unapofungwa. Tukapima tena kwenye betri: 14.2.

Kwa hivyo altaneta ya zamani labda haikuwa na shida yoyote. Hatutajua, ilishauzwa.

Mjomba hakunisifu. Alinyamaza, halafu akauliza, "Hii ndiyo ulikuwa unasomea?" Nikasema ndiyo. Hakuna mtu nyumbani aliyekuwa ameniuliza hivyo tangu niache chuo.

Kesho yake alinibeba hadi kwa yule fundi. Sikumgombeza, ni mtu mzima na mikono yake inajua mengi kuliko mimi. Nilimwonyesha tu zile namba, nikimwita mzee. Alichukua mita akapima gari tatu zilizokuwa hapo, moja baada ya nyingine, bila kuongea. Pesa hakurudisha. Binamu yangu analipiwa karo kidogo kidogo mpaka leo.

Kuna watu husema historia haina kazi, ni ya kukariri mitihani. Mimi naona shilingi 14,500 za mjomba zilienda kwa sababu kipimo cha zamani kilirithiwa bila mtu kuuliza kilitoka wapi na kilikuwa cha gari gani. Kabla hujalipia altaneta, mwambie fundi kwa heshima: "Tupime kwanza." Na akienda kutoa kichwa cha betri injini ikinguruma, shika mkono wake.

Mita nilimwachia.