Safari na Waliobaki Nyumbani: Historia ya Neno Lililofinywa Maana

1.0 Utangulizi

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, safari ni mwendo wowote wa mbali: wa biashara, wa hija, wa matibabu, hata wa kwenda kuoa. Neno hili lenye asili ya Kiarabu liliingia katika Kiingereza katikati ya karne ya 19 kupitia maandishi ya wapelelezi kama Richard Burton, na mwanzoni lilibeba maana ya msafara wa watu na mizigo yao. Leo, mtu wa London au New York akisema anakwenda safari, wenzake huelewa kuwa anakwenda Afrika kutazama wanyamapori. Makala haya yanachunguza jinsi maana hiyo ilivyofinywa. Hoja yake ni kwamba badiliko lilitokea hasa pale wasafiri walipowasimulia jamaa na marafiki waliobaki nyumbani, na kwamba masimulizi hayo yalichangia kuamua nani aonekane, na hatimaye nani aishi, katika nchi iliyosimuliwa.

2.0 Msafiri wa pwani na wasikilizaji wake

Kusimulia safari ni desturi kongwe ya Waswahili. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa masimulizi ya wasafiri wenyewe. Humo Sleman bin Mwenye Tshande anaeleza safari yake ya biashara ya mwaka 1891 kutoka pwani kwenda bara, na Selim bin Abakari anasimulia safari ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896, alikokwenda akiwa mtumishi wa Mjerumani, Dkt. Bumiller. Katika simulizi ya Selim mwelekeo tuliouzoea unageuka: mtu wa Afrika ndiye mtazamaji, na nchi za kaskazini ndizo zinazotazamwa.

Katika masimulizi ya bara ya kipindi hicho, yakiwemo maisha ya Tippu Tip aliyoyaeleza mwenyewe, wanyama wapo, lakini hawatengwi na watu. Ndovu ni pembe, na pembe ni mali, deni na ugomvi. Msikilizaji anaambiwa nani anatawala wapi, hongo inatozwaje na chakula kinapatikana wapi. Ni kweli kwamba maandishi haya yalitokana na maombi ya Wajerumani, hivyo msikilizaji wake wa kwanza alikuwa mgeni. Hata hivyo, mambo yanayopewa uzito ni yale ambayo mtu wa pwani angeyauliza.

3.0 Safari ya Roosevelt, 1909–1910

Mwezi Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit. Msafara wake ulihusishwa na taasisi ya Smithsonian, ukawa na wapagazi zaidi ya 200, na ukamalizikia Khartoum mwezi Machi 1910. Kwa hesabu yake mwenyewe, yeye na Kermit waliua wanyama wakubwa 512.

Tunalopaswa kulizingatia hapa ni njia ya habari. Roosevelt aliandika kambini, baada ya mawindo ya siku, na sura zake zikapelekwa na matarishi kwa miguu hadi posta, kisha zikachapwa katika jarida la Scribner's na baadaye katika kitabu, African Game Trails (1910). Kwa hiyo hadithi iliyosomwa barazani kwa Wamarekani ilibebwa kwanza na miguu ya Waafrika. Kitabu hakiwanyimi majina wote. Wabeba bunduki kama Bakari na Juma Yohari wanatajwa. Lakini wanatajwa katika sauti ya bwana wao. Waliyowaeleza wake na ndugu zao waliporudi kwao hayakuchapwa. Asiyekuwapo na lake halipo.

Msafara ukiwa bado njiani, kampuni ya William Selig ilitengeneza huko Chicago filamu ya mawindo ya Afrika. Mwigizaji alijifanya Roosevelt, Wamarekani weusi wakaigiza wapagazi, na simba akapigwa risasi studioni. Filamu ya Cherry Kearton, iliyopigwa Afrika kwelikweli na kuonyeshwa mwaka 1910, haikuvutia watazamaji kama ile ya kubuni. Wasikilizaji wa nyumbani walikwisha kujua safari waliyoitaka, na msimulizi hakuwa tena na uhuru kamili wa kuwaambia jambo jingine.

4.0 Kutoka picha hadi mpaka

Baada ya bunduki ilikuja kamera. C. G. Schillings alichapisha mwaka 1905 picha alizopiga usiku katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, na nusu karne baadaye Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, aliwaonyesha Wajerumani Serengeti kwa kitabu, filamu na televisheni. Filamu yake ya mwaka 1959 ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Picha hizi zilijenga huruma ya kweli kwa wanyama. Zilijenga pia taswira ya nchi isiyo na wenyeji, na Grzimek alishikilia kwamba watu, Wamasai wakiwemo, hawakupaswa kuishi ndani ya hifadhi.

Mwaka huohuo wa 1959 Ngorongoro ilitengwa na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na Wamasai wakatakiwa kuihama Serengeti. Haifai kudai kwamba filamu ndiyo iliyowahamisha: mabishano yalianza miaka kadhaa kabla, na Grzimek mwenyewe aliupinga mpaka mpya. Lakini mfugaji aliyekosekana katika hadithi zilizosimuliwa Ulaya alikuwa na watetezi wachache kuliko nyumbu aliyeonekana humo.

5.0 Hitimisho

Historia hii inaonyesha kuwa kusimulia safari ni kugawa nafasi: anayeachwa nje ya simulizi huachwa pia nje ya hesabu. Jukumu la wataalamu wa Kiswahili ni mawili. Kwanza, matini za Velten na Tippu Tip zisomwe sambamba na za kina Roosevelt, kama masimulizi ya enzi moja yenye wasikilizaji tofauti. Pili, kumbukumbu za madereva, wapishi na waongozaji wa leo zikusanywe kwa lugha yao, wakiwa hai. Wao nao hurudi nyumbani kutoka porini, na wana watu wanaowasubiri kusikia.