Mioto Miwili ya Machi 1911

Jumamosi ya tarehe 25 Machi 1911 moto ulizuka katika kiwanda cha blauzi cha Triangle, kilichokuwa katika orofa ya nane, ya tisa na ya kumi za jengo moja mjini New York. Katika orofa ya tisa, mlango wa ngazi mojawapo ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana wahamiaji, Wayahudi na Waitalia. Siku nne baadaye, kabla ya alfajiri, moto wa pili uliwaka Albany, makao makuu ya jimbo hilo, ndani ya jengo la Bunge. Huo uliteketeza Maktaba ya Jimbo: vitabu takriban 450,000 na hati za mkono zipatazo 270,000. Mlinzi mmoja mzee alifia humo.

Wanahistoria huitaja mioto hii katika sura tofauti, ule wa kwanza chini ya historia ya wafanyakazi na wa pili chini ya historia ya maktaba. Anayetafuta asili ya sheria za kazi za New York hana budi kuisoma pamoja, kwa kuwa mmoja ulizaa sheria na mwingine ulikula sehemu ya ushahidi wa zile zilizotangulia.

Msomaji aliyezoea Hansadi ya Nairobi au Dodoma hudhani kwamba nia ya wabunge hupatikana kwa kufungua kitabu cha mijadala. New York ya wakati ule haikuwa na kitabu cha namna hiyo. Kumbukumbu rasmi za mabaraza mawili husema tu kwamba muswada umesomwa, umepelekwa kwenye kamati, umerekebishwa, umepigiwa kura. Sababu hazimo. Kwa hiyo mtafiti huanza na namba ya sheria katika mwaka wake, hurudi hadi namba ya muswada, kisha huweka matoleo yake yaliyochapishwa kandokando na kutazama neno lililofutwa na lililoingizwa. Kwa sheria za kuanzia 1921 yapo majalada ya gavana, yenye barua na maoni aliyoletewa kabla ya kutia sahihi: idara za serikali, vyama vya waajiri, vyama vya wafanyakazi, hata raia wa kawaida. Ni hazina kubwa, ingawa huhifadhi sauti ya mwenye kuandika barua na kumwacha nje asiyeandika.

Kwa sheria za 1912 na 1913, pengo hilo huzibwa na ripoti za Tume ya Uchunguzi wa Viwanda. Bunge liliiunda mwaka ule ule wa moto, mwenyekiti akiwa Robert F. Wagner wa Seneti na makamu wake Alfred E. Smith. Tume ilihoji mashahidi zaidi ya 200 katika mwaka wake wa kwanza na kuchapisha ushahidi wao. Humo mtu husoma juu ya milango, vyoo, ngazi za nje na mshahara wa wiki kwa maneno ya watu waliovijua kwa miili yao. Ni nadra sheria kuacha nyuma yake kumbukumbu nzito kiasi hicho.

Hata hivyo ipo sheria moja inayoonyesha mpaka wa karatasi. Mwaka 1912 Bunge liliweka kikomo cha saa 54 kwa wiki kwa wanawake wa viwandani. Viwanda vya kusindika matunda na mboga katika makopo viliachwa nje. Maandishi ya sheria yanaonyesha msamaha huo bila kuueleza. Maelezo yamo kwingine kabisa: katika mahojiano ambayo Frances Perkins, aliyeupigania muswada huo na baadaye akawa Waziri wa Kazi wa Marekani, aliyatoa kwa Chuo Kikuu cha Columbia takriban miaka 40 baadaye. Kwa kumbukumbu yake, wakubwa wa chama walitegemea kwamba asingekubali wanawake wa viwanda vya makopo waachwe, na muswada ungekufa wenyewe. Alikubali. Seneta Timothy Sullivan alimsaidia kuupitisha.

Kumbukumbu ya mzee si hati ya mwaka 1912, na msimulizi ana haki ya kujipendelea. Lakini mtafiti anayeikataa kwa sababu hiyo hubaki na kifungu cha msamaha kisicho na mwenyewe. Njia iliyo bora ni kuipima kwa matoleo ya muswada na tarehe za kura, na kukubali sehemu zile tu zinazoingiana.

Yanayofuata yamechapishwa. Kiangazi cha 1912 Tume ilipeleka wachunguzi katika viwanda vya makopo, baadhi yao wakifanya kazi humo bila kujitambulisha. Walikuta watoto wakimenya maharagwe mabandani, na wanawake ambao katika baadhi ya wiki za mavuno walifanya kazi zaidi ya saa 100. Mwaka 1913 Bunge liliweka kikomo viwandani humo pia, ila majira ya mavuno yakaruhusiwa saa nyingi kuliko zile 54.